George Carver, mwalimu wa udongo

Siku ya kazi ya shamba, mwalimu anapogawa majembe, wako watoto wanaofurahi, na wako wengine wanaonung'unika. Hao wa pili wasema moyoni kwamba wazazi waliwatuma shuleni kushika kalamu, si kushika jembe, kwa maana jembe liko nyumbani. Wengine hudhani kwamba shamba la shule ni adhabu tu.

Basi leo tusome maisha ya mtu aliyezaliwa mtumwa. Aliitafuta shule kwa miguu, akavumilia mengi, akapata elimu kubwa. Kisha, alipokuwa na elimu hiyo, akalirudia jembe kwa kupenda kwake. Jina lake ni George Washington Carver.

1. Mtoto asiye na mama

George alizaliwa katika nchi ya Missouri, huko Marekani, karibu na kijiji cha Diamond. Mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani hasa, kwa maana watumwa hawakuandikwa kama watu huru. Wengi husema ulikuwa mwaka wa 1864, au karibu na huo. Mama yake, jina lake Mary, alikuwa mtumwa wa mkulima mmoja Mzungu aliyeitwa Moses Carver. Mkulima huyo alimnunua mwaka wa 1855 kwa dola 700, kama mtu anunuavyo ng'ombe. Baba yake George hakumjua.

Siku zile Wamarekani walipigana vita wao kwa wao, na wanyang'anyi walizunguka usiku. Usiku mmoja walikuja, wakamkamata Mary pamoja na mtoto wake mchanga, wakakimbia nao mbali. Bwana Carver akatuma mtu kuwafuata. Mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, naye alikuwa mgonjwa wa kifaduro, karibu kufa. Bwana Carver akamlipa farasi. Lakini Mary hakuonekana tena.

Mwaka wa 1865 utumwa ulikomeshwa. Bwana Carver na mkewe Susan hawakuwa na watoto, wakawalea George na kaka yake Jim nyumbani mwao. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shamba. George alikuwa dhaifu, akabaki na Bibi Susan. Akajifunza kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Bibi Susan akamfundisha pia kusoma herufi.

Kila alipopata nafasi, George aliingia msituni. Huko alikuwa na kibustani chake cha siri. Mmea ulionyauka aliupeleka huko, akaubadilishia udongo, akautafutia jua au kivuli, akaungoja mpaka upone. Majirani walipopata habari, wakaanza kumwita daktari wa mimea, wakamletea maua yao yaliyougua.

2. Anaitafuta shule

Karibu na nyumba ya Bwana Carver palikuwa na shule, lakini ilikuwa ya watoto wa Wazungu tu. Shule ya watoto Weusi ilikuwa Neosho, mwendo wa kilometa 13. Yapata mwaka wa 1877 George akafunga vitu vyake vichache, akaenda kwa miguu. Usiku ule hakuwa na pa kulala, akajificha ghalani. Kumbe ghala lile lilikuwa jirani na shule yenyewe!

Asubuhi mama mmoja mweusi, Mariah Watkins, akamkuta. Akamwuliza jina lake. Mtoto akajibu kwamba yeye ni George wa Carver, kama kitu kilicho mali ya mtu. Mama Mariah akamwambia kwamba tangu siku hiyo ataitwa George Carver, basi. Akamkaribisha nyumbani mwake. Saa ya mapumziko George aliruka ua, akafua nguo za watu, kitabu kikiwa wazi mbele yake. Kengele ilipolia, akaruka ua tena akarudi kalasini.

Mama Mariah alikuwa mkunga, naye alijua majani mengi ya dawa. Alimwagiza kijana ajifunze yote awezayo, kisha awarudishie watu wake elimu hiyo. Agizo hilo George hakulisahau maisha yake yote.

Shule ya Neosho ilikuwa ndogo, George akaona haimtoshi. Akaenda nchi ya Kansas, akihama mji hata mji, akipika na kufua ili apate ada. Mwaka wa 1879, katika mji wa Fort Scott, aliona kundi la watu likimwua mtu mweusi pasipo hukumu. Akaukimbia mji ule. Baadaye aliandika barua kwa chuo kimoja, nacho kikampokea kwa barua. Lakini alipofika mlangoni na wakubwa wakaona ngozi yake, wakamkataa papo hapo.

Wengine wangekata tamaa. George akachukua shamba katika uwanda usio na miti, akajenga nyumba ya mabonge ya udongo, akalima. Mwaka wa 1890 chuo cha Simpson, katika nchi ya Iowa, kikampokea. Huko alijifunza kuchora. Mwalimu wake, Bibi Etta Budd, aliona kwamba kijana huyu huchora maua kama mtu anayeyajua mpaka mizizi. Akamshauri aende chuo cha kilimo cha Ames, mahali baba yake mwenyewe alipofundisha.

George alifika Ames mwaka wa 1891, mwanafunzi mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Mwanzoni hawakumruhusu kula pamoja na wanafunzi wenzake; alikula chini na watumishi. Hakujibu kwa hasira, alijibu kwa kazi. Mwaka wa 1894 akapata shahada ya kwanza, na mwaka wa 1896 shahada ya pili. Wakubwa wa Ames wakamfanya mwalimu, wakamtaka akae nao siku zote.

3. Wanafunzi wanaokimbia jembe

Mwaka ule wa 1896 alipata barua kutoka Alabama, kusini ya Marekani. Mwandishi wake alikuwa Booker T. Washington, naye pia alizaliwa mtumwa. Mwaka wa 1881 alikuwa ameanzisha shule ya Weusi mahali paitwapo Tuskegee. Alitaka mtu wa kufundisha kilimo. George akakumbuka agizo la Mama Mariah. Akaacha vyumba vizuri vya Ames, akaenda.

Alipofika Tuskegee hakukuta chumba cha majaribio wala vyombo. Alikuwa na mikroskopi moja tu, chombo cha kuonea vitu vidogo sana, zawadi ya rafiki zake wa Ames. Basi akawachukua wanafunzi wake mpaka kwenye majalala. Wakaokota chupa, mitungi iliyovunjika, makopo na nyaya. Wakaosha, wakatengeneza, na vitu hivyo vikawa vyombo vyao vya elimu.

Lakini tatizo kubwa halikuwa vyombo. Tatizo lilikuwa mioyo ya wanafunzi. Wazazi wao walikuwa wamelima chini ya fimbo. Kwa vijana hao jembe lilikuwa alama ya utumwa, nao walikuja shuleni ili wasilione tena. Hata watu wenye elimu kubwa walikuwa na wasiwasi. Mwalimu mweusi W. E. B. Du Bois aliogopa kwamba shule za kazi ya mikono zitawafunga Weusi katika kazi za chini siku zote, na kuwanyima elimu ya juu. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, maana walikuwako watu waliotaka hivyo hasa.

George hakubishana sana. Aliwapeleka wanafunzi shambani, akawafundisha kuuliza. Kwa nini shamba hili limekuwa jeupe? Maji ya mvua yamekwenda wapi, na yamechukua nini? Kwa nini mmea huu una majani ya kijani, na ule una majani ya manjano? Kisha akawarudisha ndani kutafuta majibu kwa hesabu, kwa mikroskopi na kwa vitabu. Hivyo walianza kufahamu kwamba mtumwa hulima kwa kuamriwa, bali mtu mwenye elimu hulima kwa kujua sababu. Jembe ni lile lile. Aliyelishika ndiye aliyebadilika.

4. Udongo uliochoka

Tazameni sasa hali ya wakulima wa Alabama. Wengi walikuwa Weusi walioachwa huru pasipo shamba. Walikodi mashamba ya matajiri, wakilipa kwa sehemu ya mavuno. Wenye mashamba walitaka pamba tu. Basi watu walipanda pamba mpaka mlangoni pa nyumba, wasiache mahali pa bustani ya mboga. Chakula walikikopa dukani, nacho kilikuwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa. Mavuno yalipokuja, walilipa kodi na deni, wakabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata wakakopa tena. Watoto wakaugua kwa kukosa chakula kizuri.

Na udongo nao uliugua. Pamba ikipandwa mahali pale pale mwaka hata mwaka, hula nguvu ya udongo isiirudishe. Mavuno hupungua, na deni huzidi.

Shule ilikuwa na kipande cha shamba cha majaribio, kibaya kweli kweli, chenye makorongo na mchanga. George hakununua mbolea nyingi, kwa maana alijua mkulima maskini hawezi kuinunua. Aliwaambia wanafunzi walete majani yaliyooza ya msituni, matope meusi ya kinamasi na takataka za jikoni. Kisha wakapanda kunde. Watu wakashangaa, wakaona ni upuuzi kupanda kunde mahali pa pamba.

Lakini kunde na karanga zina siri. Siku moja ng'oa mche wa kunde polepole, utazame mizizi yake. Utaona vifundo vidogo vidogo. Ndani yake wanakaa viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hao hutwaa hewa iitwayo azoti na kuifanya chakula cha mmea. Mavuno yakiisha, na mizizi na majani yakiachwa shambani, chakula hicho hubaki udongoni. Baada ya kunde, viazi vitamu. Baada ya viazi, pamba. Miaka michache ikapita, na kipande kile kibaya kikatoa pamba iliyozidi ya majirani. Wakulima waliocheka wakaja kuuliza.

5. Shule inayokwenda kwa watu

George aliona kwamba wakulima wengi hawawezi kuja Tuskegee. Wengine hawakujua kusoma. Basi kila mwezi aliwaita walio karibu, akawaonyesha shamba. Kwa walio mbali aliandika vitabu vidogo kwa maneno mepesi: namna ya kuponya udongo uliochoka, namna ya kupika kunde, namna ya kuhifadhi viazi na nyama. Tangu mwaka wa 1898 mpaka kufa kwake aliandika zaidi ya vitabu 40 vya namna hiyo.

Mwaka wa 1906 shule ikapata gari la kukokotwa na wanyama. Tajiri mmoja wa New York, Morris Jesup, alitoa fedha, na gari likaitwa kwa jina lake. Ndani yake zilitiwa mbegu, majembe, plau, na vyombo vya kutengenezea siagi. Mwalimu wake, Thomas Campbell, alikwenda nalo kijiji hata kijiji. Alisimamisha gari, akakusanya watu, akalima mbele ya macho yao. Mtu asiyejua kusoma alijifunza kwa kuona.

Lakini George alijua kwamba mlango ulio mwepesi kuliko yote ni mtoto. Mtu mzima huogopa kujaribu jambo jipya, maana akikosea, jamaa yake watalala njaa. Mtoto hujaribu katika bustani ya shule, ambako kosa haliui mtu. Akifaulu, huibeba mbegu mpaka nyumbani. Kwa hiyo mwaka wa 1910 aliandika kitabu kidogo kwa walimu wa shule za vijijini, akiwaonyesha namna ya kufanya bustani ya shule, na namna ya kuwafundisha watoto kuangalia udongo na mimea. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1917, serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kusaidia kwa fedha mafundisho ya kilimo katika shule za umma.

6. Mdudu na karanga

Wakati huo adui mpya alikuwa njiani. Ni mdudu mdogo mwenye pua ndefu, anayetoboa vitumba vya pamba. Alitoka Mexico, akaingia Marekani yapata mwaka wa 1892, na mwaka wa 1910 alikuwa amefika Alabama. Mashamba ya pamba yakaharibika. Aliyekuwa na pamba tu, hakuwa na kitu tena.

Hapo ndipo watu walipoona faida ya mafundisho ya Tuskegee. Mwaka wa 1916 George alitoa kitabu kilichoonyesha namna ya kulima karanga na namna 105 za kuzipika. Wakulima wengi wakapanda karanga. Mji mmoja wa Alabama, jina lake Enterprise, ulipata faida nyingi kwa karanga, hata mwaka wa 1919 ukamjengea yule mdudu sanamu, kwa kuwa ndiye aliyewafukuza katika pamba!

Karanga si ngeni kwetu Kongo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nao Wareno waliileta Afrika zamani. Wabakongo huiita nguba. Watumwa waliochukuliwa huku kwetu walivuka bahari na neno lao midomoni. Mpaka leo watu wa kusini ya Marekani wana neno goober, maana yake karanga, nalo latoka katika nguba. Mababu hao walinyang'anywa vyote, lakini neno la shambani halikunyang'anyika.

Mwaka wa 1921 George aliitwa mbele ya wajumbe wa serikali mjini Washington kueleza habari za karanga. Walimpa dakika kumi, na wengine walimdhihaki. Akafungua sanduku lake, akatoa maziwa ya karanga, rangi za karanga, na vitu vingine vingi. Dakika kumi zilipokwisha, wakamwomba aendelee.

Tangu hapo sifa yake ilienea. Wengine wamezidisha, wakisema kwamba ndiye aliyebuni siagi ya karanga. Si kweli; ilikuwako kabla yake. Na vitu vingi alivyovitengeneza katika chumba chake havikuuzwa sana. Ukuu wake hauko huko. Uko katika mashamba yaliyopona, katika bustani zilizopandwa milangoni, na katika watoto walioacha kuliona jembe kuwa aibu.

7. Mwisho wake

George hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, naye alimpenda Mungu kwa moyo wote. Kila siku aliamka kabla ya jua, akaenda msituni kusali na kuokota mimea. Alisadiki kwamba Mungu husema na watu kwa njia ya viumbe vyake. Hakuoa. Mavazi yake yalikuwa makuukuu, lakini siku zote alitia ua katika koti. Hakutafuta mali. Akiba yake, dola karibu elfu 60, aliitoa ili vijana waendelee kuchunguza mimea na udongo.

Alifundisha Tuskegee miaka 47. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, akazikwa hapo hapo shuleni, karibu na Booker T. Washington. Mwaka huo huo serikali ya Marekani iliamua kwamba shamba alikozaliwa litunzwe kuwa mahali pa ukumbusho. Shamba ambako mama yake alinunuliwa kama mnyama, sasa watu hulitembelea kwa heshima.

Watoto, Maandiko yatufundisha kwamba Mungu alimweka mtu wa kwanza katika bustani ailime na kuitunza. Si wote kati yenu mtakaokuwa wakulima. Wengine mtakuwa walimu, waganga, mafundi, mapadri au masista. Lakini wote mtakula, na udongo ndio utakaowalisha. Kwa hiyo mwalimu akikupa jembe, usilitazame kwa uso wa kununa. Lima, uliza sababu, angalia mizizi, andika katika daftari. Kisha peleka nyumbani mbegu moja na neno moja ulilojifunza, umwonyeshe mama yako shambani. Ndivyo George Carver alivyolitimiza agizo la Mama Mariah.

Maswali

1. Kwa nini mwaka wa kuzaliwa wa George haujulikani hasa?
2. Mama Mariah alimwagiza George nini?
3. Kwa nini wanafunzi wa Tuskegee walilichukia jembe?
4. Kunde na karanga zafanya nini udongoni?
5. Kwa nini ni vyema kujaribu jambo jipya kwanza katika bustani ya shule?

Kazi: Gawanyeni kipande kidogo cha shamba la shule sehemu mbili. Mwaka huu pandeni kunde upande mmoja na mahindi upande wa pili. Mwaka ujao pandeni mahindi pande zote mbili, mpime mavuno ya kila upande, mkaandike hesabu yake.